Tarehe ya Kondoo wa Luama: Kabambare Kwanza, Kasongo Baadaye

Naiandika tarehe hii kwa sababu moja. Mwaka hata mwaka, Idi ya kuchinja ikikaribia, wenzetu wa Kasongo hutuambia sisi wa Kabambare sokoni kwamba kondoo aliletwa Maniema na mfanyabiashara Tippu Tip kutoka Pwani, pamoja na mpunga, maembe na msahafu. Mpunga ni kweli. Maembe ni kweli. Msahafu ni kweli, Mungu awalipe. Kondoo, hapana. Wageni walimkuta hapa, akicheua kivulini.

Wazee wa upande wa mama yangu ni watu wa mto Luama, Wabangubangu wa kuzaliwa. Masimulizi yao ni haya: babu wa kwanza alikuja na wake wawili, mbwa mmoja na kondoo jike mwenye mimba. Walipofika Luama maji yalikuwa yamejaa, na mbwa akagoma. Kondoo akaingia peke yake, akavuka, akapanda ng'ambo ya pili, akajikung'uta, akalala. Babu akasema, pale alipolala ndipo nyumba itasimama. Asubuhi wakakuta amezaa pacha. Ndiyo maana katika ukoo wetu mahari haikutimia bila kondoo jike, na mwanamke wa ukoo huu akizaa pacha hakuna anayeshtuka. Mimi niliyasikia hayo zaidi ya mara moja, kwa vinywa tofauti, wala hayakubadilika hata neno.

Wabuyu na Wahombo nao wana kondoo. Wakusu pia.

Tuje kwenye maandishi, maana watu wa Kasongo hupenda maandishi. Septemba 1869 David Livingstone aliingia Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, akiwa na msafara wa Muhamad Bogharib. Mwaka uliofuata alirudi hapohapo na kukwama miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Karatasi zikamwishia. Akachukua magazeti ya kwao Uingereza, akaandika juu ya herufi za chapa, akigeuza karatasi upande ili mistari ipishane, kwa wino alioukamua katika mbegu za mmea aliouita zugifare. Wino ule ulififia hata mistari yake haikusomeka tena, mpaka wataalamu wa siku zetu walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, herufi za gazeti zikajificha na za mzee zikajitokeza. Katika miji yote ya Maniema, nitajieni mwingine ambao mgeni aliuguzwa akiwa hana hata karatasi, na bado habari zake zikafika London. Mengine mnayajua: Nyangwe, 15 Julai 1871, bunduki za wageni zikawapiga wanawake sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya Lualaba, naye Livingstone akageuza uso kurudi Ujiji.

Narudi kwa kondoo. Oktoba 1876 Stanley, msafiri mwingine aliyeandika, alipita Kabambare, akakutana na Tippu Tip upande wa Kasongo, kisha akaenda Nyangwe. Aliorodhesha vitu vya soko lile: mihogo, karanga, mafuta ya mawese, kuku, mbuzi, kondoo, kasuku, samaki wabichi na wakavu, hata kumbikumbi. Kondoo wamo. Wauzaji wa soko lile walikuwa wanawake wa vijijini, wengi wakivuka mto kwa mitumbwi. Na Tippu Tip wakati huo hakuwa amekaa Kasongo muda wa kutosha kondoo wake kuzaa, wajukuu wao wakakua, wakaenea kwenye vikapu vya wanawake wa ng'ambo.

Najua watakavyojibu. Watasema wageni walitangulia kukaa Nyangwe tangu enzi za Mwinyi Dugumbi, kabla ya Tippu Tip, nao ndio walioleta. Basi tusibishane miaka. Tutazame mkia.

Kondoo wa njia ya misafara, kuanzia nchi ya Wamasai kwenda Unyanyembe, ana mkia mnene uliojaa mafuta, mwingine unaning'inia kama mfuko. Kondoo wa kwetu ni mfupi, nywele zake laini kama za mbuzi, hana sufu, na mkia wake ni mwembamba kama kamba ya kufungia kuni. Ni jamaa ya kondoo wa misituni, wale wanaoonekana hadi Afrika Magharibi, waliozoea kuishi na mbung'o. Ninyi mnaosema ametoka Pwani, aliuacha wapi mkia wake? Wenye mkia mnene siku hizi wanaonekana sokoni, lakini hao wanashuka kutoka Kivu, na kila mtu anawajua kuwa ni wageni.

Mfugo waliouleta wageni kweli ni ng'ombe. Bwana Nzige, yaani Muhammad bin Said, aliushika mji wa Kasongo, na Sefu mwana wa Tippu Tip baada yake. Jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis liliingia Nyangwe 4 Machi 1893 na Kasongo 22 Aprili mwaka uleule. Daktari Hinde, aliyekuwamo, ameeleza maghala ya mpunga, vitanda vya nakshi vyenye magodoro ya hariri, bustani za machungwa na mapera, na kundi la ng'ombe wa mbegu 3 walioletwa kwa nyakati mbalimbali. Leo mji ule unaitwa Tongoni, na jina linajieleza. Ng'ombe wa Bwana Nzige wako wapi? Kabambare ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Januari 1894. Kondoo wetu waliendelea kula maganda ya mihogo nyuma ya jiko kama vile hakikutokea kitu.

Hata hivyo nitawapa Kasongo haki yao, maana tarehe isiyo na haki ni matusi. Biashara ni yao. Sisi tulikuwa na kondoo wa mahari na wa mgeni. Wao waliweka bei. Mji wa waungwana ukawa na Idi na akika, na kila mtoto wa kiume akadai kondoo wawili, wa kike mmoja. Na sheria ikamsaidia kondoo. Kwa madhehebu ya Shafii, mbuzi wa Idi lazima atimize miaka 2. Kondoo mwaka 1 wamtosha, au awe ameshaangusha meno ya mbele. Mfugaji anayehesabu vizuri anaona mara moja: kondoo anamrudishia faranga zake wakati mbuzi wa jirani bado anakula bure.

Ndiyo sababu mnunuzi wa Kasongo huanza na mdomo. Hambonyezi mgongo, hanyanyui mguu. Anapiga goti, anakibana kichwa kwapani, anaukunja mdomo wa chini kwa kidole gumba.

"Huyu bado mtoto, baba."

"Pengo lile pale, maalim. Lipitishe kidole."

Anapitisha kidole. Analiona pengo, anafuta mate kwenye shuka, halafu anatoa kasoro nyingine: mkia mwembamba!

Kuna methali ya Pwani, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na Kasongo wanaipenda kupita kiasi kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Mimi nimefunga kondoo nyuma ya kinga mara nyingi, miguu minne pamoja, kichwa kikielekea tairi, na nakiri kwamba mbuzi hupiga makelele njia nzima lakini kondoo hunyamaza hata unasimama kumtazama kama yu hai. Siku moja, katika kizuizi njiani, wenye bunduki walinifungulia watatu, wakanirudishia kamba. Kondoo hawakulia. Mimi pia sikusema kitu.

Nchi nyingine kondoo ni hazina ya serikali. Duniani wamepita bilioni moja, na Uchina ndiyo yenye wengi kuliko wote. Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilibeba mizoga karibu 5,000 ikiwa imegandishwa, kutoka New Zealand hadi London, na nchi ile ikatajirika; miaka 100 baadaye ilikuwa na kondoo milioni 70 kwa watu milioni 3 na kidogo. Sufu ilipokosa bei, malisho mengi yakageuzwa ya ng'ombe wa maziwa. Karibu nasi zaidi, bandari ya Berbera hupakia kondoo wenye vichwa vyeusi kwenda Jedda msimu wa Hija, na Saudia ilipofunga mlango mwaka 2000 kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, Wasomali walijua maana ya kuwa na mnunuzi mmoja. Sisi wanunuzi wetu ni wawili, Kasongo kwenye Idi na wachimba dhahabu wa Salamabila siku yoyote dhahabu inapotoka.

Vita vya tangu 1996 vilikula makundi mengi. Kisha kuna sotoka ya mbuzi na kondoo: makamasi, vidonda mdomoni, kuharisha, na zizi zima linaweza kwisha kwa muda mfupi. Mashirika ya dunia, FAO na lile la afya ya wanyama, yaliapa mwaka 2015 kuimaliza ifikapo 2030. Chanjo ipo, na inatosha mara moja kwa miaka kadhaa, lakini inataka baridi, na baridi inataka umeme au mafuta ya taa, na hivyo vyote vinataka barabara. Barabara ya Kasongo na Kabambare mnaijua.

Mwenye ushahidi wa kunipinga namkaribisha Kabambare siku ya soko. Asije na kitabu. Aje na kondoo wa babu yake, na aanze kwa kunionyesha mkia.