Nondo Kati ya Moto na Maji

Saruji imekuwa ikisagwa katika kilima cha Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, tangu 1966. Hata hivyo zege linalotokana na saruji likibanwa hustahimili, likivutwa hupasuka. Kazi ya kuvutwa huachiwa nondo, nayo inadaiwa mambo mawili yasiyopatana: isilegee chini ya mzigo, na ikizidiwa ipinde kabla ya kukatika.

Wahunzi waliujua ugomvi huo. Kisu kilichopashwa hadi kuiva kisha kikazimwa majini huwa kigumu, lakini kikiangukia jiwe huweza kuvunjika kama kigae. Ndipo hurudishwa motoni kidogo, ukali wa ugumu upungue. Chuma kisicho na kaboni hakikubali kupikwa hivyo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi Wahaya wa Kagera walivyoyeyusha chuma chenye kaboni: mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa.

Kwa nondo, ufumbuzi wa kwanza haukuhitaji moto. Chuma kilisokotwa kikiwa baridi, na nondo hizo zilienea sana Kenya. Nguvu iliongezeka, unyumbufu ukapungua.

Miaka ya 1970, watafiti wa Ubelgiji walibuni njia ya Tempcore. Nondo hutoka kwenye roli ikiwa na nyuzi joto karibu 1,000 na kupita katikati ya maji ya kasi kwa muda mfupi mno. Ganda hugeuka martensiti, yaani chuma kigumu kinachovunjika upesi, ilhali moyo bado unawaka. Joto la moyo hurudi nje na kulipika ganda upya, kwenye nyuzi 600 hivi. Ni ujanja wa mhunzi uleule, ila nondo hujirudishia moto yenyewe. Kipande kikikatwa, kikang'arishwa na kupakwa asidi, pete nyeusi huonekana ikizunguka moyo mweupe.

Kwa sababu kaboni yake ni kidogo, nondo hii huchomeleka na hukunjwa ringi kwa bomba na misumari juu ya ubao, ikiwa baridi. Kuipasha moto ili ipinde kirahisi ni kosa, kwani ikipita nyuzi 600 pete ile hulegea. Nondo zilizookotwa kwenye jengo lililoungua zinaweza kuwa zimekwisha kupata hasara hiyo, na kwa macho hazina tofauti na nyingine.