Ngome au Ukuta wa Moto?

Mafundi wengi wa mitandao husema "ukuta wa moto", na wengine "faiawali" tu, kazi iendelee. Hilo la kwanza linapotosha. Asili yake ni ukuta wa jengo unaozuia moto usienee upande wa pili, lakini msikilizaji wa Kiswahili huuona ukuta unaowaka. Mimi nasimama na "ngome". Ngome ina lango, na langoni yupo mlinzi anayeuliza: umetoka wapi, unakwenda wapi? Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Chukua nyumba yenye spika za Wi-Fi. Spika hudumu miaka mingi, na mara nyingi mtengenezaji huacha kuzitumia masasisho ya usalama zikiwa bado zinalia vizuri. Ni busara kuzitenga katika mtandao pepe wao, yaani VLAN, mbali na kompyuta zenye nyaraka za familia. Ila ukizifungia kabisa, nyumba inakuwa kimya. Ndipo zinapohitajika kanuni za ngome. Majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa yapite. Simu iruhusiwe kuianza spika, spika isiruhusiwe kuianza simu wala kompyuta. Kisha spika iachiwe njia ya intaneti ikachukue muziki.

Mpangilio huo usiuchezee. Ngome nyingi husoma kanuni kuanzia juu, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa. Ruhusa ya intaneti kwa kawaida huandikwa "kwenda popote". Ikitangulia katazo, spika itaifikia kompyuta yako na katazo halitasomwa kamwe.

Hata hivyo simu inaweza isiione spika. Katika AirPlay na Chromecast, simu na spika hutafutana kwa mDNS: simu hutuma swali kwa anwani 224.0.0.251, poti 5353 ya UDP. (Nasema "poti" makusudi, tukiiita "mlango", itagongana na lango la ngome.) Swali hilo limeundwa lisivuke mtandao lilimozaliwa, kwa hiyo kuongeza ruhusa pekee hakusaidii. Panahitajika programu ya kulirudia upande wa pili, kama Avahi, ambayo huwekwa kwenye ruta yenyewe.

Zipo pia spika ambazo lazima ziianze simu ili kuipa taarifa, mathalani wimbo unapobadilika. Kwa hizo, ongeza kanuni moja juu ya katazo, yenye anwani ya spika hiyo na poti inayohitajika tu.