Kuhesabu Majeraha ya Kasese

Uganda inaikumbuka Kasese, wilaya ya Milima ya Rwenzori mpakani mwa Kongo, kwa tarehe. Tarehe 5 Julai 2014 vijana wenye mapanga na mikuki walivamia vituo vya polisi na kambi za jeshi katika wilaya za Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Makumi ya watu walikufa, wengi wao washambuliaji wenyewe. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 vyombo vya dola vilipambana na walinzi wa Omusinga (mfalme wa Rwenzururu) Charles Wesley Mumbere na kuivamia ikulu yake mjini Kasese. Human Rights Watch iliandika kuwa waliouawa walizidi 100, wakiwemo watoto. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kilomita zisizofika mbili kutoka mpaka wa Kongo, wakaua watu wasiopungua 42. Kati yao 37 walikuwa wanafunzi: wavulana walichomewa ndani ya bweni, wasichana wakakatwa kwa mapanga.

Kila baada ya tarehe kama hizo huja askari, rambirambi na swali lilelile: vijana wa milimani wana nini? Swali hilo ni baya kwa sababu limekwisha kujijibu. Linachukulia kwamba ukali umo katika damu ya Mkonzo, mtu wa kabila la milima hiyo, tangu Isaya Mukirane alipotangaza Rwenzururu mwaka 1962, na kwamba dawa yake ni bunduki. Pia linawachanganya walioshika panga na waliokatwa nalo. Watoto wa Lhubiriha hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote, kama ambavyo hawakuwa nao wanafunzi wapatao 80 waliochomwa moto na ADF hiyohiyo katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, wilaya jirani ya Kabarole, tarehe 8 Juni 1998.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani liligawa ukatili katika mafungu matatu: ule ambao mtu hujitendea mwenyewe, ule wa mtu kwa mtu, na ule wa makundi. Mgawanyo huo unafaa darasani. Ukiutazama ukiwa Bwera, mji wa mpakani wilayani Kasese, mafungu hayo yanakutana katika maisha ya mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa Uganda kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 59 ya wanawake na asilimia 68 ya wanaume walipigwa au kuumizwa mwilini utotoni. Asilimia 35 ya wanawake na 17 ya wanaume walifanyiwa ukatili wa kingono. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kuwa mtoto aliyekulia katika kipigo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupiga, kupigwa tena, na kujidhuru. Kwa hiyo anayetaka kumwelewa kijana wa miaka 20 aliyeshika mkuki aanze na kiboko cha darasa la nne, kisha aende kwenye ardhi.

Ardhi ya Kasese imebanwa pande zote. Juu kuna Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, chini kuna Hifadhi ya Queen Elizabeth iliyotangazwa mwaka 1952, na katikati watu wengi wanagombania miteremko. Kasenyi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George, kimo ndani ya hifadhi kabisa. Kulima hakuruhusiwi, na mitumbwi inayoruhusiwa ina kikomo. Kijana asiye na nafasi katika mtumbwi wenye leseni hana shamba la kurudia. Anaweza kuchota chumvi Bunyampaka, kuendesha bodaboda ya mtu mwingine, au kuingia porini kuwinda akijua kuwa askari wa wanyamapori wana bunduki. Sisemi kwamba umaskini huua. Maskini wengi hawajamgusa mtu. Nasema kwamba kijana asiyehitajika popote humsikiliza yeyote anayemwambia kuwa anahitajika. Ulinzi wa ikulu uliwapa vijana wengi heshima ambayo hawakuipata penginepo, na ADF nayo imewanasa vijana kwa ahadi za kazi na masomo.

Hapa dola nayo itajwe waziwazi. Majeraha ya kukusudia waliyoyapata vijana wa Kasese mwaka 2016 yalitoka kwa kiasi kikubwa katika bunduki za serikali. Mashtaka dhidi ya Omusinga na walinzi wake wengi yalifutwa mwezi huohuo wa Juni 2023 ambao Lhubiriha iliteketea. Wapo waliokuwa wamekaa rumande zaidi ya miaka sita. Mpango wowote wa kuzuia ukatili utakaoliruka jambo hilo hautaaminiwa na wale wanaokusudiwa.

Kinga inawezekana, na Uganda yenyewe ina ushahidi. Katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, mpango wa shirika la Raising Voices wa kubadili namna shule inavyoendeshwa na mwalimu anavyotoa adhabu ulipunguza hatari ya mwanafunzi kupigwa na walimu kwa asilimia 42, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata sheria ya watoto ilirekebishwa na kupiga marufuku viboko shuleni. Mwaka 2019 waragi wa vifuko, pombe kali iliyokuwa ikiingia hata mfukoni mwa sare ya shule, iliondolewa sokoni. Kuhusu kujidhuru, Sri Lanka ilizuia viuatilifu vikali kabisa katika miaka ya 1990, na vifo vya kujiua vikashuka kwa karibu nusu katika muda wa miaka kumi. Katika wilaya inayolima pamba kama Kasese, ambako dawa za kunyunyizia hukaa chumba kimoja na watu, somo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Tunachokosa ni kujua nani ameumizwa, wapi na kwa nini, kabla idadi haijafika ile ya kutangazwa redioni. Wala si kwamba uwezo haupo. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na familia yake alipelekwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu wakashuku, akahamishiwa kitengo cha Ebola cha Bwera, na ugonjwa ukathibitishwa. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki. Waliokutana nao walitafutwa mmoja mmoja, wakachanjwa, na maambukizi hayakuenea wilayani. Wilaya iliyofanya hivyo kwa homa inaweza kufanya hivyo kwa jeraha la panga. Mfano upo pia katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako kituo cha kudhibiti majeraha kilianzishwa mwaka 1996 na kumbukumbu za majeruhi zikaanza kukusanywa kwa utaratibu, kazi inayofungamana na jina la daktari wa upasuaji Olive Kobusingye.

Cardiff, nchini Wales, hospitali huwauliza majeruhi mahali, saa na silaha, kisha huwapa polisi na manispaa taarifa hizo bila majina, ili wajue ni baa ipi na mtaa upi wa kushughulikiwa. Utaratibu huo ukiletwa Bwera bila kurekebishwa utashindwa. Majeruhi wa kipigo hapa hudaiwa fomu ya polisi, na kijana mwenye kovu la risasi la mwaka 2014 au 2016 ana kila sababu ya kuona kwamba kitanda cha hospitali ni njia ya kwenda mahabusu. Akiogopa hatakuja, na daftari la kuandika majeruhi litawahesabu tu wasio na la kuogopa. Kwa hiyo daftari la majeraha la hospitali za Bwera, Kagando na Kilembe likae mikononi mwa wauguzi, lisiwe na safu ya jina wala ya kabila, na lisomwe kila mwezi mbele ya ofisa wa afya wa wilaya, walimu wakuu, wenyeviti wa vijiji (LC1), viongozi wa wavuvi na wawakilishi wa ufalme. Polisi wapewe nakala ya majumuisho hayohayo, siku ileile, bila cha ziada.