Mwezi Ulikuwaje Mlipoingia Ujiji?

Ukitoka Tabora kwenda Mpanda kwa njia ya Sikonge, unakata msitu saa nyingi kabla ya kuingia Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele. Ni miti, mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, kisha miti tena. Hii ndiyo nchi ya Wakonongo.

Oktoba 1871 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa ukimtafuta mmisionari David Livingstone, ulipita Ukonongo, tena si kwa kupenda. Njia iliyonyooka ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, kule Tabora, ikabidi wazunguke kusini. Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyekuwa mkuu wa askari, na wapagazi walikuwa na mizigo yao mabegani.

Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Ukifungua shajara ya Livingstone, unamkuta mgeni huyohuyo kwenye kurasa za mwishoni mwa Oktoba, kuanzia tarehe 24. Watu wawili wamepeana mkono siku moja, na kati ya kalamu zao kuna pengo la siku 17. Sidhani kama yupo aliyedanganya. Stanley alilazwa na homa Unyanyembe, hesabu ya siku ikamponyoka. Livingstone alikuwa bara tangu 1866, akiugua mara kwa mara, hana kalenda ya ukutani wala jirani wa kumuuliza leo ni tarehe ngapi.

Wapagazi hawakuandika shajara, ila walikuwa na mwezi, na mwezi una ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba 1871 jua lilipatwa kabisa, likaonekana hivyo India na Ceylon. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa gizani. Rudi nyuma siku 29 na nusu: mwezi uliotangulia ulizama gizani kati ya tarehe 12 na 13 Novemba. Rudi tena: 14 Oktoba. Basi usiku wa 24 Oktoba mwezi ulikuwa wa siku 10, mbalamwezi imetanda nusu ya usiku na zaidi. Ilipofika 10 Novemba kilibaki kikucha cha mwezi kinachochomoza karibu na alfajiri, zikihesabiwa siku chache tu Ramadhani iandame. Laiti mtu angemuuliza mpagazi mmoja, “Siku mlipoingia Ujiji, mwezi ulikuwaje?”, tungejua ni nani kati ya wazungu wale wawili aliyeikaribia kweli.

Tukubali tarehe za Stanley kwa sasa, tupime safari yake. Aliondoka Bagamoyo 21 Machi 1871. Kwa kalenda ya ofisini, mpaka 10 Novemba ni miezi saba na siku 20. Anayehesabu miandamo atasema ni miezi minane kasoro siku mbili tatu. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu neno “mwezi” linabeba siku 28, 29, 30 au 31, kutegemea unamuuliza nani. Mwaka nao ni hivyohivyo. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 tu ya kalenda ya serikali, na mrina asali wa Inyonga huweza kuhesabu wake masika yakikatika, mapema mwaka huu, kwa kuchelewa mwaka ujao.

Wanaastronomia waliukimbia mtego huo kwa kuiacha kalenda kabisa. Wanahesabu siku peke yake, kwa mfululizo mmoja usiokatika, unaoanzia adhuhuri ya Januari 1 mwaka 4713 kabla ya Kristo. Msingi wa hesabu hiyo aliuweka msomi Joseph Scaliger mwaka 1583. Siku yao inaanza adhuhuri ili usiku mmoja wa kutazama nyota usipewe tarehe mbili. Sisi tulilitatua jambo hilo kwa neno moja tu: usiku wa kuamkia Ijumaa.

Katika mfululizo huo, siku ya kuondoka Bagamoyo ni ya 2,404,508 na ile ya kufika Ujiji ni ya 2,404,742. Toa: siku 234. Gawa kwa 365.25, unapata mwaka 0.64. Huo mwaka wa siku 365.25 kamili, kila siku sekunde 86,400, ndio kipimo cha Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, na mwaka wa nuru umejengwa juu yake. Haulingani sawasawa na mwaka wa majira, wenye siku 365.2422. Ni kama kilo sokoni: debe la asali laweza kujaa hadi ukingoni au kupungua, kilo haibishani na mtu.

Lakini kugawa hakuponyi tarehe iliyoingia mbovu. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wakaubeba mwili wake hadi Unyanyembe, kisha Bagamoyo. Vitabu vimeshika kwamba alifariki Mei 1. Jacob Wainwright, mmoja wa wabebaji hao, alichonga maandishi kwenye mti pale alipofia. Kipande cha mti huo kiko London, nacho kinasema Mei 4.