Lebo huru ya muziki ni nini? Somo la sanduku la kaseti kutoka Mutomo



Makala haya nayaandika nikiwa Mutomo, kusini mwa Kitui. Anayetoka Mombasa hufuata barabara ya Nairobi mpaka Kibwezi, hukata kulia, huvuka mto Athi, hupita Ikutha, ndipo akafika. Ni mji wa jua kali na vumbi jekundu, soko la mbuzi na ndengu, ambazo sisi Pwani twaziita pojo. Marehemu mjomba wangu, Mola amrehemu, aliuza nguo na leso hapa kwa zaidi ya miaka thelathini. Baada ya arubaini yake nimekuja kusaidia mambo ya mirathi, na chini ya kitanda chake nimekuta sanduku la bati lenye kaseti 63 za taarab. Kila kitu kingine kilipata mwenyewe. Sanduku hili hakuna mrithi aliyelitaka.

Kijana wa duka la jirani, fundi wa simu, aliliona akaniambia, "Mzee, niachie usiku mmoja tu, nitaziweka zote kwenye mtandao." Nilimshukuru, nikamwambia asubiri. Kwanza, hesabu haikubali. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuinakili, kwa hiyo kaseti 63 ni saa 63, si usiku mmoja. Pili, kuna kazi nyingine kabla ya kuinakili sauti, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na lebo ya muziki. Wasomaji wengi wameniuliza lebo ni kitu gani na kwa nini inasemekana taarab yetu inapotea kwa kukosa lebo. Basi leo tuifungue maana yake.

Lebo hufanya nini

Asili ya neno ni ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani ya santuri, yenye jina la wimbo, la mwimbaji na la kampuni. Baadaye kampuni yenyewe ikaitwa lebo. Kazi zake ni tano. Huchagua msanii na nyimbo. Hulipia studio na wapigaji. Huhifadhi utepe mama, yaani ile rekodi ya kwanza ambayo nakala zote hutolewa kwake. Huchapisha nakala na kuziuza. Na ya tano huandika: nani kaimba, nani katunga shairi, nani kapiga udi, wapi na mwaka gani, kisha kila mmoja hulipwa haki yake kwa mujibu wa maandishi hayo.

Lebo huru ni ile isiyomilikiwa na kampuni kubwa za dunia. Leo kubwa ni tatu: Universal, Sony na Warner. Kampuni kubwa hutafuta wimbo utakaouzwa kwa mamilioni. Lebo huru huweza kuushika muziki wenye wasikilizaji wachache, kwa sababu mwenyewe anaupenda au kwa sababu jamii yake inauhitaji.

Mfano wa ng'ambo ni Melba Recordings ya Australia. Imeitwa kwa jina la Nellie Melba, mwimbaji wa kike wa Australia aliyeanza kurekodiwa kwenye santuri mwanzoni mwa karne iliyopita na kufariki mwaka 1931. Lebo hiyo iliwashika wanamuziki wa kwao na opera zisizopigwa mara kwa mara. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, si kusemwa. Mwaka 2004 mjini Adelaide walirekodi michezo minne ya Richard Wagner inayofuatana, kazi ya zaidi ya saa kumi na nne, yenye okestra kamili. Biashara hiyo haijilipi kwa kuuza sahani peke yake, na lebo hiyo ilipata msaada wa fedha za serikali na wa wafadhili. Wao wana opera, sisi tuna taarab. Tofauti ni nani anayelipa.

Tulianzia wapi

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Huku kwetu hapakuwa na studio ya kazi hiyo. HMV haikuwa lebo huru. Ilikuwa kampuni kubwa ya Waingereza iliyogundua kwamba Waswahili watanunua gramafoni wakisikia lugha yao. Sahani ya wakati huo ilibeba kama dakika tatu kila upande, hivyo shairi refu lilikatwa ili lienee.

Lebo huru zilikuja baadaye, na Mombasa ilikuwa na yake. Duka la Assanand lilitoa santuri kwa lebo ya Mzuri. Humo ndimo zilimopita sauti za Matano Juma, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na kundi la Yaseen. Mwenye duka hakungoja serikali. Aliuza redio na santuri, na faida ya leo ikalipia rekodi ya kesho. Zilipokuja kaseti, kazi ikahamia kwa maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa. Kaseti iliufungua wimbo. Upande mmoja wa dakika 30 uliweza kuchukua wimbo wa harusini mzima, na vigelegele vyake, na watu wakituza. Sauti ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ilifika mpaka Mutomo kwa njia hiyo, ndani ya mizigo ya leso.

Lakini kaseti ina dosari. Kila mtu mwenye redio ya vyumba viwili aliweza kuinakili. Nakala ilizaa nakala, na kila ilipozaliwa jina moja lilianguka: kwanza la mtunzi, kisha la wapigaji, mwisho la mwimbaji mwenyewe. Katika sanduku la mjomba, kaseti 22 tu ndizo zilizoandikwa jina la mwimbaji. Tisa zina mwaka. Yenye jina la mtunzi wa shairi ni moja.

Waliokuja kuokoa

Wageni nao waliona hazina hii. GlobeStyle, lebo huru ya London, ilitoa mfululizo wa taarab ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaja Mombasa. Mwaka 1990 ilitoa "Mtindo wa Mombasa" ya Zein Musical Party na ya Maulidi Juma, na mwaka 1992 "Jino la Pembe" ya Zuhura Swaleh. Mwaka 2005 Buda Musique ya Paris ilianza mfululizo wa Zanzibara, unaosimamiwa na Mjerumani Werner Graebner, na sahani ya pili ilirudisha nyimbo za Mombasa za miaka ya 1965 hadi 1975. Ndani ya kila sahani mna kijitabu cha majina na maelezo. Ni haki kuwashukuru. Ni haki pia kujiuliza kwa nini Mswahili wa Kibokoni aagize sahani ya nyimbo za Kibokoni kutoka Paris.

Hapa Kenya iko Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007. Mwaka 2008 ilitoa kazi yake juu ya asili ya benga, pamoja na filamu na kitabu. Kwa kushirikiana na Abubilla Music ya London, imezunguka vijijini na mitambo ya kubebeka katika mradi wa Singing Wells, ikirekodi wanamuziki wa ngoma za asili pale pale wanapoishi. Hiyo ndiyo sura ya lebo huru ya zama zetu: watu wachache, mitambo ndani ya gari, na daftari la majina.

Na jambo hili si la Pwani peke yake. Jirani yangu wa hapa Mutomo, mzee wa Kikamba, alipoliona sanduku alicheka akasema naye alikuwa na santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, zikapotea alipohama nyumba. Redio ya Kikamba bado inazipiga nyimbo hizo. Lakini anajua jina la Kakai tu. Mpiga gita la pili alikuwa nani? Hajui, na hana karatasi ya kumwambia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utungo wenyewe, yaani shairi na muziki, hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hiyo sahani iliyorekodiwa mwaka 1970 ulinzi wake kama rekodi uliisha mwisho wa 2020. Lakini shairi lililomo ndani huenda bado lina mwenyewe. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyempa Zein mashairi, alifariki mwaka 2017. Tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2067, na haki hiyo ni ya warithi wake.

Ndiyo maana jina la mtunzi si pambo. Bila jina hakuna mrithi, na bila mrithi hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa. Mimi niliyekuja Mutomo kugawa mirathi ya nguo na vitanda kwa mizani, ningewezaje kuitupa sokoni mirathi ya mtu mwingine?

Kaseti isiyotoka

Kuna jambo lingine ambalo sheria hailigusi sana. Kaseti moja imeandikwa kwa kalamu ya buluu, "Harusi, uani, wanawake." Nikaipiga kwa dakika chache. Ni wanawake watupu, wanaimba, wanacheka, wanataniana kwa majina. Nikampigia simu mama yangu Mombasa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hiyo ni harusi yangu mimi. Wale waliimba wakijua wanaume hawako. Wengi wao wamekwisha kufa. Utamuomba nani ruhusa?"

Sikuwa na jibu. Kaseti hiyo nimeizima, nimeifunga kwenye kitambaa, na itarudi kwake mwenyewe. Muziki ni adimu, lakini si kila adimu ni cha kutangazwa. Lebo njema hujua kurekodi, na hujua pia kuacha. Mtandao haujui kuacha.

Ukiwa na sanduku kama langu

Kwa wenye kaseti za wazee majumbani, haya ndiyo niliyoyafanya, na yanawezekana kwa gharama ndogo.

Zitoe kwenye joto. Chumba cha mabati cha Mutomo na stoo ya Mombasa yenye unyevu vyote ni adui. Ziweke wima, mahali pakavu na pa kivuli, mbali na spika, kwa sababu sumaku hufuta sauti.

Vunja yale meno mawili madogo yaliyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kabla ya kuipiga, izungushe polepole mpaka mwisho na kuirudisha. Utepe ukiwa umeshikana, usilazimishe. Mpelekee fundi.

Ukinakili, hifadhi kwa faili ya WAV, si MP3 peke yake, kwa kuwa MP3 hupunguza sauti ili iwe ndogo. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Kisha andika, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Kaa na wazee, wapigie kaseti, uliza: huyu nani? Shairi la nani? Harusi ya nani, mtaa gani? Ikiwa sauti ya wimbo imetoka kwenye filamu ya Kihindi, kama ilivyokuwa desturi ya waimbaji wengi wa Mombasa, andika hilo pia. Kaseti inaweza kungoja mwaka mwingine. Mzee wa miaka themanini huenda asingoje.

Yule kijana fundi nimemwajiri, si kwa usiku mmoja bali kwa wiki tatu. Yeye ananakili, mimi naandika daftari. Juzi mama aliisikia kwa simu kaseti ya 17, isiyo na jina lolote, akamtambua mpiga fidla kwa namna alivyokuwa akiuvuta upinde. Nikaliandika jina lake. Kwa jina hilo tukawapata watoto wake, wako Majengo, na hawakuwahi kuisikia sauti ya fidla ya baba yao.

Jumamosi, Inshallah, nateremka na nakala yao.