Sakafu Zetu: Kutoka Udongo wa Madina Hadi Vigae vya Kinanira



Msikiti wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ulipojengwa Madina mwaka 622 haukuwa na kigae hata kimoja. Chini ni udongo, juu makuti ya mtende. Usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilivuja, Maswahaba wakaona athari ya tope kwenye paji lake tukufu. Na alikuwepo mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti huo. Alipofariki akazikwa bila Mtume kuambiwa, naye alipopata habari alikwenda kumswalia kaburini. Tuwakumbushe hayo vijana wetu wanaoona kushika ufagio ni kazi ya dada zao tu.

Bedui alipokojoa humo, iliamrishwa ndoo ya maji imwagwe pahala pale, basi. Udongo uliyanywa. Lakini kigae hakinywi! Mtoto akikojoa sebuleni nasi tukamwaga ndoo, tunaitembeza najisi nyumba nzima. Kwanza ikaushwe kwa kitambaa, ndipo yaje maji safi, nayo yakusanywe.

Vigae vya saruji vilianza kusini mwa Ufaransa katikati ya karne ya 19, vikaenea makoloni. Havichomwi motoni, hushinikizwa kwa mashine, kwa hiyo vina vinyweleo na chokaa ndani yake. Siki na ndimu huila chokaa hiyo, rangi ikafifia. Marumaru ya mawe, kama ile nyeupe ya Thassos, Ugiriki, iliyotandazwa Makka, nayo huumizwa vivyo hivyo. Maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha. Vigae vya udongo uliochomwa na kung'arishwa, ambavyo ndivyo vingi katika nyumba mpya hapa Kinanira, vinastahimili zaidi, ila maungio yake ni saruji. Masika yakituletea tope mlangoni, tuliache likauke tufagie kwanza, maana mchanga hukwaruza.

Javeli imepewa jina la kijiji cha Javel, karibu na Paris, ilikotengenezwa mwishoni mwa karne ya 18. Ikichanganywa na siki au dawa kali ya choo hutoa klorini, gesi ile ile iliyoua askari Ypres mwaka 1915. Basi kila moja itumike peke yake, madirisha yakiwa wazi, na watoto wawe nje hadi sakafu ikauke.