Utafiti wa kabila, rangi na ukoloni katika pwani ya Tanga

Utafiti wa kabila, rangi na ukoloni katika pwani ya Tanga ni kazi ya wanahistoria, wanaisimu na wanaakiolojia wa vyuo vikuu inayochunguza jinsi wakazi wa pwani ya kaskazini ya Tanzania walivyojitambulisha, jinsi watawala walivyowatambua, na matokeo ya mambo hayo katika siasa, ardhi na kazi. Eneo linalohusika ni Mrima ya kaskazini, kuanzia mpaka wa Kenya karibu na Jasini, kupitia Tanga na Pangani hadi Saadani na Bagamoyo, pamoja na nchi ya ndani hadi milima ya Usambara.

Watafiti wengi wanakubaliana kwamba majina kama Mswahili, Mshirazi, Mwarabu, Mbondei au Mdigo hayakuwa na mipaka migumu kabla ya ukoloni. Mtu aliweza kuingia kundi jingine kwa ndoa, dini, biashara au makazi. Serikali ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza ziliyageuza majina hayo kuwa makundi ya kisheria. Hata hivyo jamii ya zamani haikuwa ya usawa: ilikuwa na utumwa na dharau zake, na kiasi ambacho ubaguzi wa baadaye ulitokana na mizizi hiyo ya nyumbani ni suala ambalo bado linabishaniwa.

Majina na hadhi katika karne ya 19

Katika miji ya Mrima watu walipangwa kwanza kwa hadhi. Mngwana alikuwa mtu huru wa mji. Mshenzi alikuwa mtu wa bara asiye Mwislamu. Mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, na yule aliyezaliwa pwani, mwenye lugha na dini ya mji, aliitwa mzalia. Mtumwa aliyeruhusiwa kufanya kazi ya malipo nje, akimgawia bwana wake sehemu ya ujira, alikuwa kibarua. Aliyekimbia alikuwa mtoro. Maneno karibu yote haya bado yanatumika, lakini Mtanzania anayesema leo kwamba anatafuta kibarua hafikirii asili ya neno hilo.

Mpangilio huo ulikuwa na milango. Mzalia alitafuta kutambuliwa kama mtu wa mji kwa kushiriki ngoma, karamu na ibada, na mgeni kutoka bara aliweza kusilimu na kuoa mjini. Waungwana wa zamani, ambao wengi wao walidai asili ya Shiraz katika Uajemi, walilinda heshima yao dhidi ya watu hao na pia dhidi ya Waarabu wa Oman, waliozidi kuja na mali baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar. Siasa nayo ilikuwa ya pande mbili: majumbe wa miji kati ya Vanga na Pangani walihitaji kukubaliwa na Sultani na vilevile na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyetawala kutoka Vuga katika Usambara hadi alipofariki mwaka 1862.

Waandishi wa pwani

Utafiti wa eneo hili una bahati ya kuwa na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyoandikwa na watu wa pwani wenyewe. Abdallah bin Hemedi bin Ali el-Ajjemy, aliyekuwa mwandishi wa Semboja, mtawala wa Kikilindi wa Mazinde, na baadaye mtumishi wa serikali ya Kijerumani, aliandika "Habari za Wakilindi". Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwenye habari inayogusa moja kwa moja uhusiano wa chuo kikuu na rangi. Aliajiriwa mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887 ndani ya Chuo Kikuu cha Berlin na kuwaandaa maofisa waliokwenda koloni. Maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu "Desturi za Wasuaheli", kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Kwa muda mrefu kitabu hicho kilijulikana zaidi kwa jina la Velten.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani. Waliposafiri mwaka uliofuata kwenda Afrika Mashariki, wakuu wa koloni walikataa kuwaruhusu washuke pamoja Dar es Salaam, kwa kuwa ndoa ya Mwafrika na mwanamke Mzungu ilionekana kuhatarisha heshima ya utawala. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Mwanahistoria Ludger Wimmelbücker ameandika maisha yake kwa kutumia nyaraka za serikali ya Kijerumani. Kutokana na kazi hiyo Mtoro hasomwi tena kama mtoa habari wa desturi tu, bali kama msomi aliyejua vyema jinsi elimu ya Berlin ilivyotumika kutawala nchi yake.

Vita vya 1888 na jina la "uasi wa Waarabu"

Tukio lililochunguzwa kuliko yote ni vita vya 1888 hadi 1890. Mnamo Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikubali kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na ukusanyaji wa ushuru. Mnamo Agosti maofisa wa kampuni waliingia mijini. Huko Pangani, Emil von Zelewski aligombana na liwali juu ya bendera na madaraka, na mwezi Septemba maofisa wa kampuni walizuiwa ndani ya nyumba yao na wenyeji waliojaa mjini. Vita vilienea hadi Tanga kaskazini na Kilwa kusini.

Serikali ya Bismarck iliviita uasi wa Waarabu wafanyabiashara ya watumwa. Jina hilo lilikuwa na kazi yake: lilisaidia kupata fedha za bunge la Ujerumani kwa jeshi la Hermann Wissmann mwanzoni mwa 1889, kwani vita dhidi ya utumwa viliungwa mkono hata na watu wasiopenda koloni. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba karibu na Pangani, alitajwa kuwa kiongozi wa vita vyote, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani, aliyeungwa mkono na Wazigua na ambaye kwa muda mrefu hakumtii sana Sultani, aliendelea kupigana hadi 1890.

Baada ya uhuru wa Tanganyika wanahistoria waligeuza maelezo hayo. Vita vikawa upinzani wa wananchi dhidi ya mvamizi, na ndivyo vinavyofundishwa shuleni mpaka leo. Maelezo haya yana ukweli zaidi kuliko yale ya Bismarck, lakini nayo yalificha jambo. Jonathon Glassman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 kuhusu Pangani na miji jirani, alionyesha kwamba waliopigana hawakuwa na lengo moja. Majumbe walitaka kurudishiwa heshima na ushuru wao. Wapagazi na watu wa bara waliojaa mjini walidai nafasi ambayo majumbe hao hao waliwanyima. Watumwa wa mashamba ya miwa ya bonde la Pangani walikuwa na madai yao: tayari katika miaka ya 1870 watoro walikuwa wameanzisha makazi yenye silaha huko Kikogwe. Abushiri mwenyewe mara nyingi alishindwa kuwaamuru watu waliosemekana kuwa wafuasi wake.

Hoja ya Glassman ni kwamba watu hao wote waligombania haki ya kuhesabiwa kuwa watu wa mji, na Wajerumani walijikuta katikati ya ugomvi ulioanza kabla yao. Kwa hiyo neno "Waarabu" halielezi wapiganaji, na neno "wananchi" linawaunganisha upesi mno.

Sheria za rangi na mwisho wa utumwa

Sheria za koloni ya Kijerumani ziligawa watu kati ya Wazungu na "wenyeji". Waarabu na Wahindi wengi waliwekwa upande wa wenyeji katika mambo ya mahakama, ingawa kwa kawaida walipata heshima tofauti. Wakati huohuo Wajerumani waliwatumia maliwali, maakida na majumbe wa pwani kutawala bara, na hivyo kuongeza umbali kati ya mtu wa pwani na mtu wa bara.

Licha ya maneno ya 1889, utawala wa Kijerumani haukufuta utumwa. Amri ya 1904 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, na utumwa ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Jan-Georg Deutsch alieleza katika kitabu cha 2006 kwamba kilichoumaliza hasa ni hatua za watumwa wenyewe, waliohama, waliotafuta ujira au waliojadiliana upya na mabwana wao.

Wabondei, Wasegeju na uundaji wa makabila

Chini ya gavana Donald Cameron (1925–1931) Waingereza walianzisha utawala kupitia machifu, na kila mtu alitakiwa awe na kabila na chifu wake. Pwani ya Tanga haikuingia vizuri katika mpango huo. John Iliffe, aliyefundisha Dar es Salaam kabla ya kurudi Cambridge, alieleza mwaka 1979 kwamba makabila ya Tanganyika yalijengwa na pande mbili: watawala waliyahitaji, na Waafrika nao waliona faida ya kuwa nayo.

Mfano unaotajwa sana ni Wabondei wa eneo la Muheza. Jina lao linatokana na bonde, nchi ya chini kati ya Usambara na bahari. Walikuwa chini ya Wakilindi mpaka walipoasi baada ya kifo cha Kimweri. Wamisionari wa UMCA, waliofika Magila mwishoni mwa miaka ya 1860, waliwapa shule na maandishi. Justin Willis alionyesha mwaka 1992 kwamba kulikuwa na historia kadhaa za Wabondei zilizoshindana, kila moja ikitetea madai ya watu fulani juu ya uongozi.

Martin Kayamba alikuwa Mbondei aliyezaliwa Zanzibar na kusoma katika shule za UMCA. Mwaka 1922 aliongoza kuanzishwa mjini Tanga kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichokusanya Wakristo na Waislamu wa makabila mbalimbali. Kwa hiyo, katika mji uleule, ukabila na umoja wa Waafrika vilikua pamoja.

Wasegeju wanaonyesha ugumu mwingine. Wale wa pwani husema lugha iliyo karibu na Kidigo na Kiswahili, lakini kikundi cha Bwiti, chini ya Usambara, kina lugha ya Kidhaiso, ambayo mwanaisimu Derek Nurse aliihusisha na Kikamba na Kikuyu. Jina moja la kabila linabeba lugha mbili.

Mkonge

Miche 62 ya mkonge iliyofika hai mwaka 1893 kutokana na juhudi za Richard Hindorf ilipandwa Kikogwe, mahali palepale pa watoro. Mashamba yaliyofuata yalileta manamba kutoka karibu kila upande wa nchi na nje yake, na wengi hawakurudi kwao. Kapepwa Tambila wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu juu ya wafanyakazi hao mwaka 1974, katika kipindi ambacho Walter Rodney na wenzake walitaka historia ya tabaka badala ya historia ya makabila. Mwelekeo huo ulisahihisha mengi, ingawa uliacha pembeni maswali ya nani alikubaliwa kuzikwa, kuoa au kupewa shamba katika vijiji vya jirani.

Mabishano

Swali kubwa ni kama ubaguzi wa rangi uliletwa na wakoloni. Katika kitabu cha 2011 kuhusu Zanzibar kabla ya mapinduzi ya 1964, Glassman alisema kwamba wasomi wa Kiafrika na wa Kiarabu wa visiwani nao waliujenga, wakitumia mawazo ya zamani ya ustaarabu na ushenzi. Wanaompinga huona kwamba kwa kusema hivyo mzigo wa mkoloni unapunguzwa. Kwa Mrima hoja hii ina uzito, kwa kuwa maneno hayohayo yalitumika Tanga na Pangani.

Asili ya Washirazi nayo imerudi mezani. Felix Chami na wanaakiolojia wengine wamesisitiza msingi wa Kiafrika wa miji ya pwani. Mwaka 2023 uchunguzi wa DNA ya mifupa ya watu 80 wa kale ulionyesha kuwa wengi walikuwa na uzao wa Kiafrika hasa upande wa kike na wa Kiajemi upande wa kiume. Mifupa hiyo ilitoka maeneo ya Kenya na kusini mwa Tanzania, si Tanga. Tena mingi ni ya watu waliozikwa kwa heshima. Haiwezi kutumiwa kuamua familia gani ya leo ni ya Kishirazi.

Vyanzo na vikwazo

Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila, na vyeo vya machifu vilikuwa vimefutwa kisheria tangu 1963. Uamuzi huo ulisaidia umoja wa taifa, lakini mtafiti wa leo hana takwimu rasmi za kulinganisha. Mahojiano yana mipaka yake: familia chache hukubali kutaja babu aliyekuwa mtumwa, kwa sababu habari hiyo inaweza kuibuliwa wakati wa posa au ugomvi wa shamba.

Nyaraka za wilaya na sehemu ya faili za Kijerumani zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo orodha yake ilitolewa na J.W.T. Allen mwaka 1970. Mingi imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, na faili za Kijerumani zina mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.